Rangi Ishuhudiwe na Aliyeitumia: Tunatengeneza Programu ya Telefone kwa Wamama Wasanii



Juma hili tunawaletea habari ya kazi iliyoanzwa na kundi letu la wamama wachoraji, watengeneza batiki na watarizi wa hapa Lubumbashi. Tunatengeneza programu ndogo ya telefone ambamo kila fundi ataweza kusema ukweli juu ya vifaa anavyonunua: rangi, brashi, uzi, shanga, gundi na vitambaa. Mama aliye sokoni na hajui achague nini atatafuta jina la kitu na kusikia wenzake walioshakitumia wanasema nini.

Sababu ya kwanza ni pesa. Mama anayetoa pesa ya likelemba kununua rangi ya batiki hana mtaji mwingine nyuma yake. Rangi ikichuja mara ya kwanza kitambaa kinapofuliwa, kitambaa kimepotea, mteja amepotea, na pesa ya shule ya mtoto imekwenda pamoja navyo. Vifaa vingi vinatufikia kwa njia ya Kasumbalesa na kupita mikono mingi. Mara nyingine rangi inatolewa katika kopo lake na kutiwa katika chupa ya maji. Anayenunua haoni tena jina la kiwanda wala maonyo yake, lakini bei ni ile ile.

Sababu ya pili ni watoto. Wengi wetu tunafanya kazi nyumbani, mtoto akicheza karibu. Rangi nyingine za manjano na za machungwa, zile zinazong'aa sana, hutengenezwa kwa risasi, madini yale yale yaliyomo katika betri ya gari. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Risasi huharibu ubongo wa mtoto mdogo, na mtoto huimeza bila mtu kuona, kwa vumbi la mikononi.

Hapa kuna jambo ambalo kila mama anaweza kulishika. Viwanda vingi vya rangi za wasanii huandika kwenye tyubu namba ya rangi yenyewe. PY34 ni manjano ya risasi. PR104 ni nyekundu ya machungwa, nayo ina risasi. PR83 ni nyekundu ya damu inayofifia kwa jua. PB29 ni bluu ambayo haina risasi na inastahimili jua. Katika programu yetu, mama akiandika PY34 au PR104, alama ya hatari itatokea palepale.

Mji wetu si mgeni katika kazi hii. Mwaka 1946, Lubumbashi ikiwa bado inaitwa Elisabethville, Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana ya wachoraji. Humo walifanya kazi Pili Pili Mulongoy, Mwenze Kibwanga na Bela, ambaye alichora kwa ncha za vidole. Katika miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi juu ya kitambaa cha magunia ya unga. Kule Kasai, wanaume wa Kuba wanafuma kitambaa cha rafia na wanawake wanakitarizi. Katika kazi kama hizo, ujuzi wa vifaa hutoka mkononi na mdomoni: binti anakaa karibu na mama yake, anaona, anauliza. Leo vifaa vinatoka mbali na aliyevitengeneza hatumjui. Tunataka telefone ibebe yale maneno ya mdomoni.

Kabla ya kijana wa programu kuanza kazi yake, tulikata makaratasi magumu ya ukubwa wa telefone na kuchora juu yake kila ukurasa kwa penseli. Tukawapa wamama wayaguse kama telefone ya kweli. Mtu akigusa, tunambadilishia karatasi. Ni njia rahisi: karatasi inafutwa bila gharama, lakini programu iliyokwisha kuandikwa inabadilishwa kwa pesa. Mambo matatu yalionekana wazi.

La kwanza, sauti. Wamama wengi wanasema vizuri kuliko wanavyoandika, na wengine hawakusoma. Basi ushuhuda utakuwa sauti ya sekunde 30 na picha moja ndogo. Utatunzwa ndani ya telefone mpaka mtandao upatikane, ili mtu asimalize mega zake akingoja. Na kwa kuwa telefone moja mara nyingi ni ya nyumba nzima, kila mama atakuwa na jina lake la kazi na namba yake ya siri.

La pili, haya. Tulipochora nyota tano, karibu kila mtu alitoa tano. Muuzaji ni jirani, tena anatukopesha. Nani atampa nyota moja? Tukaziondoa nyota, tukaweka swali moja: «Ungeinunua tena?» Hapo majibu yakaanza kutofautiana, na kila mmoja akaeleza sababu.

Mabishano makubwa yalikuwa juu ya jina la muuzaji. Wengine walisema: tukilificha, mdanganyifu ataendelea kula pesa zetu. Wengine walijibu: tukilitaja, mama muuzaji aliyedanganywa na mwenye ghala ataharibiwa jina bure, na watoto wake watalala njaa. Tulikubaliana kwamba programu itahukumu kitu, si mtu. Itataja jina la kitu, namba zilizo juu yake, bei na soko. Shida na muuzaji itapelekwa na wamama wawili, uso kwa uso, naye atasikilizwa. Na hakuna muuzaji atakayelipa ili kitu chake kisifiwe. Siku tutakapopokea pesa hiyo, ushuhuda wetu wote utakuwa tangazo la biashara.

La tatu, muda. Siku ya kununua, kila rangi ni nzuri. Kwa hiyo programu itauliza mara mbili: siku ya kwanza, na tena baada ya miezi miwili, kitambaa kikiwa kimefuliwa na picha imeona jua. Jibu la pili ndilo litakalowekwa juu.

Kazi ya kuandika programu bado inaendelea, lakini kupima rangi hakungoji telefone. Kata karatasi nyeupe ngumu, upake mistari ya rangi zako, na uandike jina na tarehe pembeni ya kila mstari. Funika nusu ya kila mstari kwa karatasi nyeusi, kisha ibandike dirishani panapopiga jua. Baada ya miezi miwili ondoa karatasi nyeusi. Kama pande mbili zimelingana, rangi inaaminika. Kama upande wa jua umefifia, usiitumie kwa kazi ya mteja. Kwa rangi ya batiki, fua kipande kidogo mara tano pamoja na kitambaa cheupe, na uangalie kama cheupe kimepata rangi.

Fanya kazi mtoto akiwa mbali, nawa mikono kabla ya kumshika au kupika, na sufuria ya rangi isirudi kamwe jikoni.

Kila kundi linaombwa kuandika katika daftari matokeo ya rangi tatu inazotumia zaidi: jina, namba, bei, soko na tarehe. Madaftari hayo ndiyo yatakayoingia katika programu kwanza. Mama atakayeifungua siku ya kwanza asikute ukurasa mtupu. Akute wenzake wameshamtangulia.