Saini ya Maabara: Taaluma na Soko la Mhandisi wa Vifaa vya Ujenzi

Katika uhandisi ujenzi nchini Tanzania, mhandisi wa vifaa, yaani mtaalamu anayepima udongo, kokoto, saruji, nondo na lami, hatajwi siku ya kuzindua barabara, ingawa mkandarasi hulipwa kwa kazi iliyopimwa ikakubalika, na kukubalika huko hutegemea majibu ya maabara yenye saini ya mhandisi huyo.

Njia ya kuifikia saini hiyo ni ndefu. Baada ya shahada ya miaka minne, mhitimu husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, akiwa mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya msimamizi kwa takriban miaka mitatu kabla ya kuomba daraja la mhandisi mtaalamu. Elimu ya vifaa hasa hupatikana kazini, na mwalimu wa kwanza mara nyingi ni fundi sanifu wa maabara, ambaye cheti chake ni kidogo kuliko cha mwanafunzi wake.

Ugumu wa kazi hii umo katika muda. Zege hupimwa kwa kuvunja michemraba yenye pande za milimita 150 iliyolowekwa majini, na nguvu inayodaiwa na mkataba ni ya siku ya 28, wakati ambapo ghorofa lililomwagwa huenda limekwisha kubebeshwa jingine juu yake. Kwa hiyo mhandisi huyatazama majibu ya siku ya 7, ambayo kwa saruji ya kawaida hukaribia theluthi mbili ya nguvu ya mwisho, na hapo ndipo anapotakiwa kusimamisha kazi ya watu wenye haraka, pengine akiwamo mwajiri wake. Jambo la kushangaza kidogo ni kwamba katika miradi mingi ya barabara maabara ya mhandisi msimamizi wa mradi hujengwa na mkandarasi yuleyule anayekaguliwa, kwa fungu lililomo ndani ya mkataba.

Waajiri wa mhandisi huyu ni Wakala wa Barabara (TANROADS), kampuni za wahandisi washauri, wakandarasi, wauzaji wa zege tayari na viwanda vya saruji kama kile cha Wazo Hill, Dar es Salaam.

Mwenye uzoefu, hata hivyo, huuza zaidi ujuzi wa mashimo ya changarawe. Mwongozo wa usanifu wa barabara wa mwaka 1999 huugawa udongo kwa madaraja kama G15 na G45, tarakimu ikionyesha uwezo wa kubeba mzigo baada ya udongo kushindiliwa na kulowekwa kwa siku 4. Na kwa kuwa kila kilomita ya kusomba changarawe huongeza gharama, anayeweza kuthibitisha kwamba udongo dhaifu wa jirani, ukichanganywa na saruji au chokaa kidogo, unatosha kwa tabaka la chini la barabara, humwondolea mwenye mradi maelfu ya safari za malori.