Kipimo cha Leo Hakijui ya Juzi

Swali huja kwa sauti ya chini: "Dokta, mpira ulipasuka juzi. Leo nimejipima, niko safi. Si basi?" Si basi. Nimelijibu hata natamani jibu libandikwe mtaani Kibokoni, hapa Mombasa, juu ya kila baraza.

Kile kipimo cha famasi hakitafuti virusi vya UKIMWI vyenyewe. Unapitisha kijiti kwenye fizi, unakitia kwenye kichupa chake, unangoja dakika 20. Mstari unajitokeza penye herufi C, roho inatulia. Mstari huo hujitokeza hata kwa aliyeambukizwa jana, maana kazi yake ni kuonyesha kwamba kipimo ni kizima. Wa pili huchorwa na kingamwili, na mwili huchukua wiki kadhaa kuziunda. Kwa kipimo hiki, hesabu hadi miezi mitatu. Basi majibu ya leo ni habari za maisha yako ya miezi mitatu nyuma. Ya juzi hayamo. Na wale wanaonunua kipimo kipya kila asubuhi! Wanamhoji shahidi ambaye hakuwapo. Mwenzio kukutwa hana, nako hakukupimi wewe.

Hela ni zenu. Kinachoniudhi ni saa zinazopotea. Dawa za PEP, zinazozuia virusi visijikite mwilini, huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa ya mapema ni faida. Mtu wa Ijumaa usiku anatulizwa na mstari mmoja Jumamosi, homa ikimjia wiki ya tatu ndiyo anakuja mbio. Muda wa PEP uliisha Jumatatu usiku.

Basi nenda usiku huo huo. Hospitali ya Coast General ni mwendo wa tuktuk. Waogopa kuonwa na mama jirani? Panda feri, nenda Likoni. Utapimwa kwanza, ndiyo, ijulikane kama hukuwa na virusi tangu zamani. Vidonge ni siku 28 bila kuruka, kichefuchefu au la. Urudi kupimwa wiki ya nne hadi ya sita, tena mwezi wa tatu. Kondomu muda wote huo. Mliochangia sindano, yawahusu vile vile. Saa 72 zimekupita? Pima sasa, wiki ya sita, na mwezi wa tatu. Ukiona mistari miwili nyumbani, njoo: hospitali itathibitisha kwa vipimo vingine, na ARV, dawa za kufubaza virusi, ni bure, waweza kuzianza siku hiyo hiyo.