Pembe, rula na kadi ya simu: mediatori ya mandolini huko Masisi na Walikale

Kwetu Kivu, mpiga gitare anayejiheshimu hapendi mediatori, kile kipande kidogo cha kupigia kamba. Atakukumbusha kwamba Franco wa rumba alipiga kwa kidole gumba na cha shahada, na Jean-Bosco Mwenda wa Bunkeya vilevile, na hakuna aliyewahi kuwaambia wamepungukiwa na kitu. Sibishi. Lakini hao walipiga gitare. Mandolini ina kamba nane za chuma zilizopangwa mbilimbili, fupi, zimekazwa kama waya wa uzio wa malisho. Kidole kinaikamata moja na kuikosa mwenzake, na kabla ibada haijafika kwenye mahubiri ngozi imeshachubuka. Bila mediatori hakuna mandolini, na mediatori mbaya inaharibu sauti kuliko kamba iliyochoka.

Mimi ni mwalimu wa kwaya. Nafundisha juu kwenye malisho ya Masisi na chini kwenye misitu ya Walikale, mandolini ikiwa imefungwa kwenye blanketi nyuma ya pikipiki. Kule hakuna duka la vyombo vya muziki. Zamani tulimtuma mtu Goma. Tangu mji ule uingie mikononi mwa waasi wa M23, Januari 2025, kumwagiza msafiri kipande cha plastiki ni kumsumbua mtu mwenye mizigo mizito zaidi kichwani. Basi tunakata za kwetu, na kwa maoni yangu zinazidi nyingi za dukani.

Jambo la kwanza ni unene, na hapo ndipo vijana wanapokwama. Mediatori nyingi zinazofika kwetu ni za gitare la umeme. Zile za Dunlop aina ya Tortex zinajulikana kwa rangi: ya machungwa ni milimita 0.60, ya njano 0.73, ya kijani 0.88, ya bluu 1.0, ya zambarau 1.14. Kijana ananunua ya machungwa kwa sababu ni laini, haimtishi. Sasa, sauti ya mandolini huzima upesi, kwa hiyo ukitaka noti idumu katika wimbo wa taratibu lazima upige kwenda na kurudi bila kupumzika, ule mtetemo tunaouita tremolo. Mediatori nyembamba inajipinda kila inapoigusa kamba na kuchelewa kurudi. Mkono unatangulia, ncha inafuata nyuma, na waumini wanasikia plastiki ikichapa badala ya kamba ikiimba. Mandolini inataka kitu kisichojipinda: milimita 1.2 hadi 1.5, na wengine huenda zaidi.

Utapimaje 1.5 pale Nyabiondo, Masisi? Chukua kadi mbili za plastiki zinazobeba laini ya simu, zile unazong'oa kijikadi cha simu na kutupa. Kadi hizo hutengenezwa kwa kipimo cha dunia nzima, kile kile cha kadi za benki, milimita 0.76. Mbili zikibanwa pamoja ni 1.52. Mimi huzibeba mfukoni na kuipapasa kazi yangu kando yake; vidole vinaitambua tofauti kabla ya macho. (Kadi ya uchaguzi iache. Ndiyo kitambulisho chako, na kwenye kizuizi cha barabarani hakuna askari atakayeelewa habari za mandolini.)

Kuhusu cha kutengenezea, historia yake inapita pwani ya mashariki. Kwa muda mrefu wapigaji wa Ulaya na Marekani walilisifu gamba la ng'amba, kasa wa baharini. Gamba la kasa ni bidhaa ya kale sana ya Afrika Mashariki: kitabu cha safari za bahari kilichoandikwa kwa Kigiriki karne ya kwanza, Periplus, kinalitaja pamoja na pembe za ndovu kati ya mali iliyotoka bandari ya Rhapta. Mwaka 1922 Luigi D'Andrea wa New York alianza kukata mediatori za seluloidi, na yale madoa ya kahawia unayoyaona hadi leo kwenye mediatori za bei rahisi yanaiga gamba hilo. Baadaye mkataba wa CITES, uliotiwa saini Washington mwaka 1973, ukaja kuifunga biashara ya ng'amba kati ya nchi na nchi.

Walikale kuna watu watakaokuonyesha gamba la kakakuona, wakisema ni gumu na linang'aa. Ni gumu kweli. Pia aina zote nane za kakakuona zimo katika orodha kali ya CITES tangu uamuzi wa mwaka 2016, na wilaya hiyo inapakana na mbuga za Maiko na Kahuzi-Biega. Mimi siligusi. Na silihitaji, kwa sababu gamba la kakakuona, pembe ya ng'ombe na ukucha wako ni kitu kimoja, keratini, na Masisi ina ng'ombe.

Mchinjaji anatupa pembe. Iombe, ichemshe mpaka kiini cha mfupa kiachie, uitoe nje. Usitumie ncha ya pembe, ambayo imejaa na ni ngumu kuinyoosha, wala mdomo wake, ambao ni mwembamba na umepasukapasuka. Sehemu ya katikati ndiyo yenye ukuta mzuri. Kata kipande kwa msumeno wa chuma, kirudishe kwenye maji yanayochemka kilainike, halafu kibane kati ya mbao mbili chini ya jiwe hadi kesho yake. Ukiharakisha kwa makaa kitaungua, na nyumba nzima itanuka nywele zilizoungua. Chora umbo lako huku ncha ikifuata urefu wa pembe, kwa kuwa nyuzi zake zinakwenda huko. Ukichora kwa kukingama, ncha itavunjika siku ya harusi. Kisha sugua kwa tupa, kisha kwa msasa.

Umbo ninalolipenda ni pembetatu yenye kona zilizoviringwa, kubwa kuliko ya gitare, kwa sababu mkono una pa kushika na ncha ziko tatu. Kona kali inatoa sauti kali, inayokata; kona butu inatoa sauti nene, ya ndani. Kwa kwaya yenye sauti za wanawake nyingi nachagua butu, nisigombane nao juu. Kinachosahauliwa ni ukingo. Mediatori haikutani na kamba ikiwa imelala sawa, inakutana nayo kwa mshazari, kwa hiyo upande unaogusa kamba usuguliwe uwe mshazari pia, kidogo tu, kisha ung'arishwe kwa kitambaa cha suruali ya jinzi mpaka usihisi mkwaruzo wowote kwa kucha. Mkwaruzo uliobaki unasikika katika kila noti. Kazi hii ya dakika chache inabadilisha sauti kuliko kubadilisha malighafi, na hata mediatori ya dukani ifanyie hivyo.

Pembe ina adui mmoja, maji. Ukiteremka Walikale, kwenye unyevu na mvua za msituni, inanywa unyevu na kupinda. Huko natumia rula ya shule iliyovunjika, ile ya plastiki ngumu inayopasuka ikikunjwa. Ni nene kuliko unavyotaka, ambayo ni bahati, kwani unaweza kuisugua ifike kwenye kipimo cha kadi mbili. Sauti yake ni kavu kuliko ya pembe lakini haibadiliki. Bidoni la mafuta usilikate. Plastiki yake ni laini, kamba za chuma zinaila, na vijana waliofunga magitare yao kwa nyaya za breki ya baiskeli wanaimaliza upesi zaidi. Kwa wenye gitare la mi-composé, lile lenye kamba ya nne nyembamba iliyopandishwa oktava, rula hiyo hiyo inawafaa, ikipunguzwa hadi unene wa milimita moja.

Ikiteleza kwa jasho, kwaruza katikati kwa ncha ya kisu, mistari ya kukatana, pande zote mbili. Kutoboa tundu kwa msumari wa moto ili vidole vishike ni kwa plastiki tu. Kona ikichakaa, geuza uitumie ya pili. Zikichakaa zote tatu, kwenye msasa tena.