Chai, Neno Lililotoka Mbali

Baada ya sala ya Alasiri, mwenyeji wangu mjini Lafey, Kaunti ya Mandera, alinikaribisha mkekani akanimiminia kikombe. "Shaah," akasema. Nikamwambia, "Kwetu Pwani twaiita chai." Akacheka: "Basi maneno haya ni ndugu."

Naam, ni ndugu. Asili yao ni Uchina, ambako kinywaji hiki huitwa cha. Waajemi walilipokea neno wakasema chay. Waarabu, ambao herufi zao hazina "ch", wakasema shay, na Wasomali shaah. Waingereza nao neno lao lilitoka kwa Wachina wa Fujian, wasemao te, likaletwa Ulaya na merikebu za Waholanzi.

Kwetu neno limezaa matumizi mengi. Iko chai ya rangi, iko ya maziwa. Na ukiambiwa asubuhi "njoo unywe chai", mkate umo humo humo.

Lakini iko na nyingine. Njiani kwenda Lafey, penye kizuizi, mtu aliniomba "chai", wala hapakuwa na birika wala kikombe. Nilipokataa, niliwekwa juani saa mbili.

Nilimsimulia mzee. Akanyamaza, kisha akakijaza tena kikombe changu: maziwa ya ngamia, sukari, hiliki. "Chai ni hii," akasema. "Mgeni hupewa, haombwi."

Wasomaji wapenzi, rushwa ina jina lake, nalo ni rushwa. Tuiite hivyo, tusilichafue neno lililosafiri mbali kiasi hicho kuja kutukirimu.