Unene wa Utotoni na Asili Yake Tumboni

Mtoto anenepapo kupita kiasi, watu aghalabu huitazama sahani yake, wakamlaumu yeye kwa ulafi au mama yake kwa kumdekeza. Walakini uchunguzi wa nusu karne umedhihirisha kwamba sehemu ya jambo hili hutengenezwa mapema mno, kabla mtoto hajajua kushika kijiko, na pengine kabla hajazaliwa. Mimi naona ni dhulma kumhukumu mtoto wa miaka 6 kwa mambo yaliyompata angali tumboni.

Ushahidi mashuhuri ulitoka Uholanzi. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945, majeshi ya Kijerumani yalipozuia chakula kisifike miji ya magharibi ya nchi ile, posho ya mtu mmoja ilishuka chini ya kalori 1,000 kwa siku, na wanawake wenye mimba hawakusalimika. Kwa kuwa njaa ile ilianza na kukoma kwa tarehe zinazojulikana, wachunguzi waliweza kupambanua ni katika mwezi upi wa mimba ilimkuta kila mmoja; na mwaka 1976 Ravelli, Stein na Susser walitangaza habari za vijana wa kiume wapatao 300,000 waliopimwa kwa ajili ya jeshi wakiwa na miaka 19. Waliopatwa na njaa katika nusu ya kwanza ya mimba walikuwa na wanene wengi zaidi, ilhali waliopatwa nayo katika miezi ya mwisho na baada tu ya kuzaliwa walikuwa na wanene wachache. Yamkini, walisema, njaa ya mapema iliathiri sehemu ya ubongo inayotawala hamu ya kula, na ile ya baadaye ikapunguza idadi ya seli za mafuta.

Shibe iliyozidi nayo ina athari zake. Mama mwenye kisukari, sukari ya damu yake hupenya kondo la nyuma ikamfikia mwanawe, lakini insulini ya mama haipiti. Basi kongosho la mtoto hulazimika kutengeneza insulini kwa wingi, naye hunona angali tumboni. Je, huo si urithi wa damu tu? Jawabu lilipatikana mwaka 2000 kwa watu wa kabila la Wapima wa Arizona, Marekani: ndugu wa aila moja walipolinganishwa, aliyezaliwa baada ya mama kupata kisukari alikuwa mnene kuliko aliyezaliwa kabla, wala kisukari cha baba hakikuleta tofauti hiyo.

Huko Southampton, Uingereza, wataalamu waliofuatilia watoto 991 walihesabu mambo matano: unene wa mama kabla ya mimba, kuongezeka uzito kupita kiasi wakati wa mimba, uvutaji wa sigara, upungufu wa vitamini D, na kunyonyesha kwa muda mfupi. Waliokusanyikiwa na manne au matano, walipotimiza miaka 6, hatari yao ya kuwa na uzito uliozidi ilikuwa zaidi ya mara nne ya wale wasiokuwa na hata moja. Maziwa ya kopo nayo yalijaribiwa katika nchi tano za Ulaya, na watoto waliopewa yale yenye protini nyingi walikuwa wanene zaidi walipofika umri huo kuliko waliopewa yenye protini kidogo.

Kwetu pwani mtoto mnono huhesabiwa neema, na mama hupongezwa kila mstari wa kadi ya kliniki upandapo. Wala si ajabu, maana bibi zetu waliwazika wengi waliokondeshwa na surua na kuharisha. Lakini mtoto atundikwapo kwenye mzani, miguu yake ikining'inia, kinachosomwa ni uzito tu, na uzito peke yake hauwezi kumpambanua mtoto mrefu mwenye siha na mfupi aliyenona kupita kiasi. Mama ana haki ya kuomba mwanawe apimwe urefu pia, na vipimo hivyo viwili visomwe pamoja; kadhalika aombe, angali mjamzito, kupimwa sukari kati ya wiki ya 24 na ya 28, ambapo kisukari cha mimba aghalabu hugunduliwa, na ungaliko wasaa wa kukitibu kabla mtoto hajazaliwa.