Fahamu: Mtoto wako atakuwa mrefu kiasi gani?

Jumlisha urefu wa baba na mama kwa sentimita. Ongeza 13 kwa mvulana, au punguza 13 kwa msichana, kisha gawanya kwa 2. Baba wa sentimita 172 na mama wa 160 watarajie binti wa takribani 159.5, ingawa anaweza kuzidi au kupungua kwa sentimita 8 hivi. Eksirei ya mkono wa kushoto, inayoonyesha ukomavu wa mifupa, hukisia vizuri zaidi.

Lakini kurithi si kila kitu. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka 5 wamedumaa. Inauma, maana udumavu unazuilika kwa lishe bora tangu ujauzito hadi miaka 2. Mzazi, ukienda kliniki omba mtoto apimwe urefu pia, si uzito tu.