KIPIMO CHA ULTRASAUNDI NA VINYAMA VYA UTUMBO

Miongoni mwa maradhi ambayo watu huona haya kuyaeleza mbele ya daktari ni kutokwa na damu wakati wa haja kubwa. Aghalabu mtu mzima hujihukumia mwenyewe kuwa ni bawasiri, akanyamaza. Na mtoto akitokwa na damu, wazee wake hudhani ni minyoo. Huenda ikawa hivyo. Lakini sababu nyengine ni kinyama kilichoota ndani ya utumbo. Makala haya yanaeleza namna ultrasaundi inavyokigundua na kukipima kinyama hicho, na pale ambapo uwezo wake unakoma.

Kinyama cha utumbo ni nini?

Ni uvimbe unaoota kwenye utando wa ndani wa utumbo, hasa utumbo mpana. Baadhi huning'inia kwa kikonyo mfano wa tunda, na vyengine hukaa bapa. Kwa watoto, hasa wa umri wa miaka 2 hadi 10, kwa kawaida huwa kimoja kisicho na saratani, na dalili yake kuu ni damu nyekundu isiyoambatana na maumivu. Kwa watu wazima baadhi ya vinyama, vikiachwa kwa miaka mingi, hugeuka saratani. Kadiri kinyama kinavyokua ndivyo hatari inavyozidi, na kinachofikia milimita 10 hutiliwa mkazo zaidi. Ndiyo maana ukubwa wake hupimwa.

Kipimo kinavyofanya kazi

Ultrasaundi ya tumbo ilianza kujulikana baada ya Profesa Ian Donald na wenzake wa Glasgow kutangaza kazi yao mwaka 1958. Hutumia mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binaadamu, wala haina mionzi ya eksirei. Kifaa kinachopitishwa juu ya tumbo hupeleka sauti na kupokea mwangwi wake. Sauti husafiri mwilini kiasi cha mita 1,540 kwa sekunde. Kwa kuhesabu muda wa mwangwi kurudi, mashine hujua umbali na kuchora picha. Mpimaji huweka alama mbili kwenye kingo za kinyama, na mashine hutoa ukubwa wake kwa milimita.

Kinyama cha mtoto huonekana kama donge la mviringo lenye vijifuko vidogo vya maji. Ili kisichanganywe na kinyesi, mpimaji hutazama mwendo wa damu kwa njia ya Dopla: kinyama kina mishipa ya damu, kinyesi hakina.

Mipaka yake

Sauti haipenyi hewa vyema, na utumbo haukosi hewa. Kinyama kidogo, kilicho bapa, au kilichojificha ndani ya nyonga, kinaweza kisionekane kabisa. Mwaka 1992 iliripotiwa kutoka Ujerumani njia ya kujaza maji katika utumbo mpana kabla ya kupima, yenye matokeo ya kutia moyo. Watafiti wengine walioijaribu baadaye hawakupata mafanikio kama hayo. Kipimo cha kutegemewa zaidi kimebakia kolonoskopi, yaani mpira mwembamba wenye kamera unaoingizwa kwa njia ya haja kubwa. Kwa mpira huo daktari huweza kukikata kinyama na kukipeleka maabara. Ultrasaundi haikati, wala haithibitishi kama kuna saratani au hakuna.

Mambo ya kuzingatia

1. Damu katika choo, japo kidogo, ielezwe hospitali. Mficha maradhi kilio humfichua. Mtumishi wa serikali asione taabu kuomba ruhusa kwenda kupimwa.

2. Jibu la ultrasaundi lisiloonesha kitu lisichukuliwe kuwa hakuna kinyama. Damu ikiendelea, mgonjwa arudi kwa daktari.

3. Mtoto mwenye maumivu makali ya tumbo yanayokuja na kuondoka, akitapika na kutoa damu, apelekwe hospitali mara moja. Huenda sehemu ya utumbo imeingia ndani ya nyengine, hali ambayo kinyama huweza kuisababisha na ambayo ultrasaundi huitambua vyema.

4. Ripoti ya kipimo, yenye tarehe na idadi ya milimita, ihifadhiwe na ichukuliwe kila mgonjwa anaporudi, ili daktari aweze kulinganisha.